Pole na Mlima

Neno "pole" hufafanuliwa kwa ufupi sana katika kamusi zetu. Mahali pamoja utalikuta likieleza tabia ya mtu asiye na ukali: mtu mpole, maneno ya upole. Mahali pengine utalikuta likieleza namna ya kutenda: nenda polepole, usije ukaanguka. Kisha utalikuta peke yake, likiwa tamko la kumliwaza aliyechoka, aliyejikwaa, aliyeugua au aliyefiwa. Mwalimu akilifikia darasani, huliweka katika fungu la maneno yenye maana zaidi ya moja, pamoja na "kaa" na "paa", akaendelea na somo.

Ninaloleta mbele yenu leo, wapenzi wa lugha na watunzi wa mashairi, ni dai dogo. Nadai kuwa upole, polepole na pole si majirani waliokutana kwa bahati. Ni neno moja linalotazamwa kutoka pande tatu. Na mahali nilipoliona jambo hilo kwa macho si maktabani. Ni katika barabara ya Usambara Magharibi ipandayo kutoka Mombo kwenda Soni, Lushoto hadi Mlalo, nikiwa juu ya baiskeli, kwa mwendo ambao mtu aliye kando ya njia anaweza kukuamkia nawe ukamwitikia mkamaliza.

Nieleze kwanza kilichonipeleka huko. Mimi ni mzaliwa wa pwani, kusini ya mji wa Tanga, katika vijiji vya Kimtang'ata. Ualimu nilisomea Korogwe, na Kiswahili nikakifundisha katika shule za sekondari mpaka nilipotimiza miaka 60 na kustaafu. Mke wangu alikuwa Msambaa wa Mlalo. Tuliishi pamoja miaka 34. Alifariki mwezi wa Machi, mvua za masika zikiwa zinaanza, nasi tukamzika Korogwe tulikojenga.

Katika siku zile nilipewa pole nyingi kuliko nilizopata kupewa maisha yangu yote. Wazee wa kwetu pwani waliniambia "makiwa", neno la zamani lililo ndugu wa "ukiwa" na "mkiwa", nami nilishukuru kulisikia bado lina watu. Wengine wote walisema pole. Walisema mlangoni, makaburini na sokoni. Simu ilijaa pole zilizoandikwa kwa herufi mbili tatu za mkato. Sikumlaumu yeyote, kwa maana kila mmoja alitoa alichokuwa nacho. Lakini ilifika siku neno lenyewe likawa kama sarafu iliyopita mikono mingi hata sura yake ikafutika. Nililipokea, nikasema asante, lisiache alama.

Jambo moja lilinisumbua kama mwalimu wa lugha. Kwetu, pole ina majibu yake. Ukimwambia mtu "pole na kazi", atakujibu "nimeshapoa". Ukimwambia "pole na safari", atakujibu vivyo hivyo. Jibu hilo huifunga salamu kama kina kinavyofunga mshororo. Lakini aliyefiwa akiambiwa pole, kinywa chake hakifiki kwenye "nimeshapoa". Kupoa ni nini, na ni nani anayethubutu kutangaza kuwa amepoa? Hivyo pole zile zote nilizipokea bila kuzifunga. Zilibaki wazi, kama mlango usio na kitasa.

Mama mkwe wangu hakuweza kuja kwenye maziko. Ana zaidi ya miaka 80, na miguu yake imekataa safari. Walikuja shemeji zangu, wakarudi kumsimulia. Ilipofika Julai, nilijua kuwa zamu ni yangu kupanda kwake. Nilikuwa na doti mbili za kanga za marehemu za kumpelekea. Mwanangu mkubwa aliniambia, "Baba, panda basi, utafika mchana huo huo." Nami nilijua kuwa atakuwa amesema kweli. Lakini basi hufika upesi, na mimi nilihitaji njia ndefu kati ya nyumba yangu na mlango wa yule mama.

Baiskeli ninayo, ya mtumba, yenye gia. Tangu nistaafu ndiyo inayonipeleka shambani na msikitini. Niliikagulisha kwa fundi: akakaza mnyororo, akabadilisha mipira ya breki, akanipa viraka na pampu ndogo. Kanga nilizifunga katika mfuko wa nailoni juu ya keria. Kutoka Korogwe hadi Mombo niliipakia juu ya basi dogo, kwa kuwa barabara kuu ile ina malori mengi, nami sikuwa na haja ya kushindana na malori. Pale Mombo, njia ya Lushoto inapoiacha barabara kuu, nikashuka na kuanza kupanda.

Kwa asiyeijua njia hiyo, nitaichora kwa maneno machache. Mombo iko chini, kiasi cha meta 400 hivi juu ya usawa wa bahari, penye joto la tambarare. Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, uko karibu meta 1,400. Kati ya miji hiyo miwili pana kilometa zipatazo 33, na Soni iko takriban katikati. Sehemu kali ni hiyo ya kwanza. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili korongo lenye mto unaousikia kabla hujauona. Kona hufuatana na kona. Kila unapodhani umefika juu, njia hujipinda na kukuonyesha kuwa ulikuwa unajidanganya.

Hapo ndipo pole zilipoanza.

Ya kwanza ilitoka kwa mzee aliyekuwa amekaa juu ya jiwe na mundu wake. Nilikuwa natumia gia nyepesi kuliko zote, nikienda mwendo usiozidi wa mtu atembeaye. Akasema, "Pole na mlima." Nikamwamkia, akaitikia, akauliza nitokako, nikamjibu, akauliza niendako, nikamjibu, akasema, "Haya, ufike salama." Yote hayo yalimalizika kabla sijampita. Miguu haikusimama, na salamu haikukatwa.

Kona ya pili, kijana wa bodaboda alipunguza mwendo, akawa sambamba nami. "Mzee, nikubebe wewe na baiskeli yako?" Nikamwambia, "Asante mwanangu, acha nikwenda polepole." Akacheka, akasema, "Basi pole, mzee. Polepole." Akaongeza moto, akapotea. Sidhani kama alisikia alichokitamka. Lakini mimi nilikisikia: maneno mawili ya kamusi yamekaa katika pumzi moja, na hakuna aliyeyatenganisha.

Kisha walikuja watoto wawili waliotumwa dukani. "Shikamoo babu! Pole babu!" Kabla sijamaliza kusema marahaba walikuwa wameshika keria kwa nyuma na kunisukuma, mpaka walipofika njia yao ya kwenda nyumbani. Hawakuomba kitu. Nilipogeuka kuwashukuru walikuwa wamekwisha kusahau kuwa wamenisaidia, wanakimbizana.

Nikaanza kuhesabu, kwa tabia ile ya ualimu. Mpaka naingia Soni, penye maporomoko ya maji yanayoonekana kutoka barabarani, nilikuwa nimepewa pole 23. Watu 23 nisiowajua walikuwa wamenitazama, wakaona taabu yangu ilivyo, wakaitaja. Na wote, nilipowajibu "nimeshapoa", ilikuwa kweli kidogo. Maana jibu hilo lilitoka na pumzi, na pumzi ikitoka, moyo hupunguza mbio zake.

Ndipo nilipoanza kuliangalia lile "na". Tunasema "pole na kazi", "pole na safari", "pole na majukumu". Lakini tunasema "pole kwa msiba", "pole kwa kuuguliwa". Viunganishi hivi viwili havifanyi kazi moja. "Kwa" hutaja sababu: umepatwa na jambo, na jambo lenyewe ni hili. "Na" humkuta mtu akiwa pamoja na mzigo wake, bado anaubeba, na msemaji anatazama vyote viwili, mtu na mzigo. Aliyeniambia "pole na mlima" hakunieleza mlima ni nini. Alikuwa amekaa juu yake. Aliniona mimi na mlima kwa wakati mmoja, basi.

Sisi watunzi tumeuonea sana mlima. Katika mashairi yetu mlima ni taabu: mlima wa deni, mlima wa matatizo, maisha ni kupanda mlima. Nimeisoma sitiari hiyo katika daftari za wanafunzi mpaka nikaweza kuitabiri kabla ya kufungua ukurasa. Lakini jaribu kuwapelekea watu wa Usambara sitiari hiyo. Wao huigawa nchi mara mbili: Shambaai, yaani huku juu kwenye ubaridi, mvua na migomba, na nyika, yaani kule chini kwenye joto na ukame. Kwao, tangu zamani, nyika ndiyo iliyokuwa mahali pa homa na njaa. Mtu alishuka nyikani kwa haja, akapanda kurudi nyumbani. Kwa hiyo anayepanda haendi kwenye shida. Anaiacha shida nyuma yake na kwenda kwenye chakula na moto wa jikoni. Taabu ya kupanda ni ya kweli, ndiyo maana wanakupa pole. Ila mlima wenyewe si adui.

Ushahidi mwingine uko katika kitabu ambacho kila mpenda Kiswahili angepaswa kukipitia, Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, kilichochapishwa upya mwaka 1962. Humo mna habari za Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyepanda Usambara akitokea Ngulu, na ukoo wake ukatawala kutoka Vuga. Hakuupanda mlima kwa mbio. Aliingia kijiji baada ya kijiji, akiua nguruwe walioharibu mashamba na kuwagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya mashamba yao. Vuga haiko mbali na Soni. Nilipoiona njia ya kuelekea huko niliwaza kuwa mgeni yule alielewa jambo ambalo waendao kasi hawalielewi: mlima huu hukupokea kwa kadiri unavyokubali kusimama.

Nililala Lushoto. Asubuhi palikuwa na ubaridi wa Julai, ukungu umeshika miti, na watu wamejitanda mablanketi. Nilikuwa na maneno machache ya Kisambaa niliyofundishwa na marehemu, nikayatoa kama mtu atoavyo nguo ya sikukuu. "Onga maundo," nikamwambia mama muuza karoti. Akainua kichwa kwa furaha, akanijibu kwa Kisambaa kirefu ambacho sikukifuata chote. Nikasema "hongea", asante, nikanunua karoti nisizozihitaji.

Kutoka Lushoto njia hupanda tena kuingia msitu wa Magamba. Mle ndani mchana ni kama jioni. Miti mikubwa imevaa kuvu na majani ya kujishikiza, maji yanadondoka bila mvua, na sauti inayobaki ni ya mnyororo wako mwenyewe. Kilometa kadhaa sikukutana na mtu, kwa hiyo sikupewa pole. Nilijikuta natunga. Mwendo wa kupanda una mizani yake: mguu wa kulia, mguu wa kushoto, mzunguko mmoja. Kipande cha mizani 8 hukaa upande mmoja, kipande cha pili hujibu upande wa pili, na mshororo ukikamilika pumzi nayo imekwisha. Kaluta Amri Abedi alituwekea sheria za utungaji kitabuni mwaka 1954, na tangu hapo tumebishana sana kama mizani ni pingu au ni pambo. Mle msituni haikuwa pingu wala pambo. Ilikuwa kipimo cha hewa. Nilitunga ubeti mmoja, nauweka hapa ulivyo:

Nipandapo mlimani, hunipokea kwa pole,
Wachimbao mabondeni, na wapitao kilele,
Pole haina mizani, haipimwi kwa kelele,
Aipataye moyoni, hupoa akenda mbele.

Baada ya Magamba huja mteremko. Kila mwendesha baiskeli huusubiri mteremko, nami sitajifanya mtawa. Nilifurahi. Upepo ulijaa shati, na udongo mwekundu wa njia ukapita chini yangu bila jasho langu. Lakini nikagundua jambo: katika mteremko hakuna anayekupa pole. Na si kwa sababu huna shida tu. Ni kwa sababu hupatikani. Mtu akianza "za asu..." umekwisha mpita, na neno lake limeanguka njiani nyuma yako. Niliona mzee mmoja ameinua mkono, midomo inacheza, nisisikie alichosema. Kasi ilikuwa imenipokonya neno lililotolewa kwa ajili yangu. Nikavuta breki. Sehemu iliyobaki ya mteremko niliishuka taratibu, mikono ikiniuma kwa kushika breki, ili nisikie.

Hapo ndipo dai langu lilipokamilika, na naliweka wazi mlipime. Asiyekwenda polepole hawezi kupewa pole, kwa kuwa haonekani muda wa kutosha. Asiye mpole hawezi kuitoa, kwa kuwa hatazami. Upole ni tabia ya mwenye kutoa, polepole ni mwendo wa mwenye kupokea, na pole ni kile kinachopita kati yao. Nyumba ni moja na milango ni mitatu.

Bonde la mto Umba hufunguka taratibu. Kwanza unaona vilele vya ng'ambo, kisha mashamba yaliyopangwa ubavuni kama mikeka iliyoanikwa: kabichi, viazi, maharage, mahindi. Chini kabisa, kando ya maji, mna migomba na miwa. Umba huanzia katika milima hii, ukashuka nyikani na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Vanga, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya. Vanga ni mji wa Kivumba, lahaja iliyo jirani na ile niliyozaliwa nayo. Mke wangu alipenda kunitania kuwa maji ninayoyaoga pwani yamekwisha kuogewa kwao. Kijiografia hakuwa sahihi, kwa kuwa Umba haupiti Tanga. Sikumsahihisha hata siku moja.

Kabla ya kufika kwa mkwe wangu kuna kipande kifupi cha mlima mkali, nami nilikuwa nimechoka kiasi cha kushuka na kuisukuma baiskeli. Mbele yangu alikuwa mama wa makamo amebeba mzigo wa kuni kichwani, mrefu kuliko yeye mwenyewe. Aliposikia tairi alisogea kando, akageuza mwili wote kwa ajili ya mzigo, akaniona.

"Pole, baba," akasema.

Niliona haya. Mimi nilikuwa na magurudumu mawili na mfuko mwepesi. Yeye alikuwa na kuni za siku mbili shingoni. "Pole wewe, mama, mwenye mzigo," nikamjibu.

"Mimi nimezoea," akasema. "Wewe ndiye mgeni wa mlima."

Tukaenda pamoja hadi njia yake ilipogawanyika. Nililitafakari neno lake kwa muda mrefu. Hakulinganisha mizigo. Angelinganisha, pole ingekuwa yake peke yake, nami nisingestahili hata moja. Lakini pole haitolewi kwa mwenye mzigo mkubwa zaidi, kana kwamba ni zawadi ya mshindi. Hutolewa na yeyote anayemwona mwenziwe. Hata mwenye kuni kichwani anayo ya kugawa. Nikawakumbuka walionitumia pole kwa simu mwezi wa Machi. Wengi wao nao walikuwa na mizigo yao nisiyoijua, na kwa herufi zile mbili tatu waligeuza mwili wote ili kunitazama.

Mama mkwe alikuwa amekaa barazani juu ya mkeka, ushungi umemfunika nusu ya uso, kama ilivyo ada mbele ya mkwe. Nilikaa mbali kidogo, kwa heshima hiyo hiyo. Nikamwamkia, akaitikia. Nilikuwa nimeyaandaa maneno ya msiba tangu Mombo. Nilitaka kumweleza siku za mwisho za binti yake na kaburi lilivyo. Hakunipa nafasi.

"Pole na mlima, baba," akasema.

"Nimeshapoa, mama."

Kisha akaniuliza njia. Ukungu ulikuwepo Magamba? Maji pale darajani yamepungua? Ule mti mkubwa wa kona bado umesimama? Aliuliza kona baada ya kona, nami nilijibu kona baada ya kona. Nilitambua baadaye kuwa alikuwa ananisindikiza. Njia ile aliipita kwa miguu ujanani mwake, akiwa na bidhaa kichwani, na sasa hawezi tena kufika hata kisimani. Alitaka kwenda nami polepole, kutoka pale nilipotoka mpaka pale tulipokaa, ndipo tuseme lililotukutanisha.

Tulipofika, yaani maswali yalipofika mlangoni kwake, nilifungua mfuko nikamkabidhi kanga. Aliziweka mapajani bila kuzikunjua. Akazipapasa ukingo kwa ukingo, kama mtu asomaye kwa vidole. Kimya kilikuwa kirefu. Kuku wakapita, na mtoto wa jirani akaja akafukuzwa kwa ishara ya mkono.

Mwishowe akasema, "Ile ya mlima umeshapoa. Hii usiniambie kuwa umepoa. Hii tutakwenda nayo polepole."

"Ndiyo, mama," nikasema.

Lile ndilo jibu nililokuwa nimelikosa tangu Machi. Kumbe pole ya msiba haikuwa imekosa kitasa. Ilikuwa haijafungwa kwa sababu safari yake haijaisha, na haitakiwi kufungwa kwa haraka. Mwanamke ambaye hakupata kukaa darasani hata siku moja alikuwa amelieleza neno kwa ukamilifu kuliko kamusi zangu zote. Nilikaa kwake siku tatu, nikamsimulia yote aliyotaka kuyasikia, kidogo asubuhi na kidogo jioni.

Nimeandika haya kwa watunzi zaidi ya watu wengine, kwa kuwa sisi ndio tunaoyashika maneno haya na kuyapanga. Tunapoandika pole katika shairi, mara nyingi tunaiandika kwa sababu ina silabi mbili na tumebakiza nafasi ya silabi mbili. Nawaomba tuiulize swali kwanza: pole na nini? Mtu yupi, na mzigo gani, na je, tumemtazama muda wa kutosha kuuona? Shairi likiwa na majibu ya maswali hayo, neno litajitosheleza hata bila kupambwa. Likiwa halina, hata vina vikipatana, tutakuwa tumepita mteremkoni kwa kasi, na aliyeinua mkono kando ya njia tumemwacha midomo ikicheza bila kumsikia.

Na mwenye nguvu za miguu namshauri ajaribu njia ipandayo, ya Usambara au ya kwao, kwa gia nyepesi kuliko zote. Ajifunze salamu mbili za lugha ya wenyeji. Abebe viraka na pampu. Mengine atapewa huko huko njiani.